Upote na Kamba ya Makumbi

Katika vyombo vyote alivyovibuni mwanadamu ili kuongeza nguvu za mkono wake, hapana kilichotumika sana na kutajwa kidogo kuliko uzi uliosokotwa. Kwa maana jahazi husifiwa kwa mlingoti na tanga lake, mlango kwa nakshi zake, uta kwa mti wake na mshale kwa sumu yake, ilhali kamba iliyolikaza tanga, iliyozungusha keke iliyotoboa mbao za mlango na iliyoutupa mshale hewani, hukaa katika kazi yake bila ya kuulizwa hali mpaka siku ikatikapo, na siku hiyo hutajwa kwa lawama. Nimekusudia katika waraka huu kuitendea insafu, na hasa kuizungumza hukumu ya fundi anapochagua uzi wake: auchague wa nini, ausokote vipi, na kwa hoja gani autangulize huu na kuuacha ule.

Waswahili wa pwani ya kaskazini wana masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa aliyekuwa bingwa wa mata, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyaandika kwa utenzi mwaka 1913. Mna humo kisa cha kikoa: waliokula njama ya kumwua walipatana kwamba kila mtu kwa zamu yake apande mkoma awaangushie wenziwe makoma, wakitaraji kuwa zamu ya Liyongo itakapofika watampiga mishale akiwa juu, hana pa kukimbilia, naye akasimama chini, akauelekeza uta wake mbinguni, akayaangusha makoma kwa mishale. Mna pia habari ya mauti yake: baada ya kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba alijikokota hata kisimani, akapiga goti, akatia mshale utani, akafa katika hali ile ile ya kulenga, watu wa mji wakaacha kuteka maji kwa kumwogopa maiti. Tangu nilipokisikia kisa hiki kwa mara ya kwanza, fikira zangu huuendea upote, yaani uzi wa uta wake. Walionisimulia walinipa habari za uta, za mshale, za sindano na hata za madini yake. Lakini uzi uliowahofisha watu wa mji mzima, ulisokotwa kwa nyuzi za mmea au kwa kano za mnyama, na mkono wa nani uliousokota, hapana aliyenieleza.

Sahau hiyo si yetu peke yetu. Merikebu ya vita ya Waingereza iitwayo Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth mwaka 1545, ikaopolewa mwaka 1982, na ndani yake yalipatikana mata marefu zaidi ya 130, mengi katika hayo yangali mazima baada ya kulala matopeni zaidi ya karne nne; ama nyuzi zake, bahari ilikwisha kuzila. Mwaka ule ule wa 1545 mwanachuoni wao Roger Ascham alitoa kitabu cha ulengaji kiitwacho *Toxophilus*, akawatanabahisha wasomaji kuwa uzi ni kitu kidogo chenye uzito mkubwa, kwa kuwa uzi mbovu huuvunja uta mwema. Lakini alipofika kwenye suala la uzi usokotwe kwa kitani, kwa hariri au kwa katani ya kwao, aliiacha hukumu mikononi mwa mafundi wenyewe, akapita. Kwa mwanachuoni adabu hiyo yatosha. Mimi napenda kuufungua mlango alioupita.

Unguja ya leo haina mata ya vita wala ya windo. Wasasi wa kusini huingia porini kwa mbwa na nyavu, na mtoto wa Mji Mkongwe akitengeneza uta huwa ni wa mchezo wa siku moja. Walakini uta haukuhama kisiwani. Umesalia katika mkono wa fundi, katika chombo kiitwacho keke, ambacho kwacho mabao ya milango ya Mji Mkongwe yalitobolewa kabla ya kupigwa misumari yake, na ambacho hata sasa ukienda Nungwi, ambako majahazi na mashua zingali zikiundwa ufukoni, utakiona kikifanya kazi pembeni mwa mashine za umeme. Keke ni ncha ya chuma iliyotiwa katika msukano wa mti. Juu ya msukano pana jivu, ambalo fundi hulikandamiza kwa kiganja cha mkono mmoja ili ncha isiyumbe. Na mkono wa pili hushika uta mfupi ambao upote wake umezungushwa mara moja katika msukano, kisha huusukuma na kuuvuta, na kila usukumapo msukano huzunguka upande huu, na kila uvutapo huzunguka upande wa pili, mpaka unga wa mti umwagike chini na tundu lipenye hata upande wa pili wa ubao.

Mtazame fundi huyo kwa karibu. Upote wa keke hautiwi kaza yote mbele ya kazi, kwa sababu ukikazwa mno hauwezi kuuzunguka msukano. Huachwa na ulegevu kidogo, na fundi huuondoa ulegevu huo kwa kuubana upote kwa kidole gumba penye mshikio wa uta, akiongeza pale ncha inapokutana na fundo la mti, akipunguza pale inapopita laini, hata ukadhani kidole kile kina masikio. Kwa uzi wa namna hii masharti ni matatu. La kwanza ni kuushika msukano pasipo kuteleza. La pili ni kuhimili moto wa msuguano, maana mahali upote unaposuguana na mti hupata joto la kukufanya uondoe mkono. La tatu ni kutorefuka, kwani uzi unaorefuka hula nusu ya mwendo wa mkono kabla msukano haujageuka. Ukanda wa ngozi hushika vyema, lakini ukirowa hulegea. Uzi wa pamba hushika, lakini hulika upesi. Nailoni hudumu, lakini huteleza, nayo ikipata joto kali huanza kuyeyuka. Hapana katika hivyo kilicho kamili, na kwa hivyo fundi mwenye busara hatafuti ukamilifu; huuliza ni kasoro ipi awezayo kuishi nayo, kisha huitengenezea dawa: ngozi huikinga na maji, na nailoni huitundikia jiwe usiku kucha ili irefuke urefu wake wote kabla haijaingia kazini.

Upote wa uta wa mishale umefungwa na masharti makali zaidi. Uta uliovutwa ni hazina ya nguvu, na upote ndio mjumbe wa kuifikisha hazina hiyo kwa mshale katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mjumbe akiwa mzito, sehemu ya hazina hupotea katika kumbeba yeye mwenyewe, na mshale huondoka kwa uzembe. Akiwa mwenye kurefuka, huizuia nguvu njiani na kuitoa wakati mshale umekwisha kwenda zake. Na akikatika wakati wa kuachiwa, nguvu yote iliyokuwa ya mshale hurudi katika mti, na mti uliopinda kwa hiari ukarudi kwa ghafula hupasuka. Hii ndiyo maana ya lile neno kuwa uzi mbovu huuvunja uta mwema. Wawaata wa nyika ya Kenya, ambao jamaa zetu wa Lamu huwajua kwa jina la Wasanye, waliwinda ndovu kwa mata ambayo kuyavuta kulihitaji nguvu inayopita pauni 100, na kwa uta wa namna hiyo kosa la uzi si hasara ya mshale mmoja tu.

Kwa hivyo mafundi wa mata popote duniani walikimbilia nyuzi nyembamba, nyepesi na zisizokubali kurefuka. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao uta kwao bado ni chombo cha riziki, hutumia kano za wanyama wanaowawinda, hata ikawa mnyama wa jana ndiye anayemtupia mshale mnyama wa leo. Katika nchi za joto watu wengi walitumia nyuzi za mkonge wa porini, ule wenye majani magumu yaliyosimama kama panga, ambao hata kisiwani kwetu huota katika ardhi ya mawe. Aina mojawapo imepewa na wataalamu wa mimea jina la Dakta John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa Unguja katika zama za Seyyid Barghash. Mkonge wa mashambani uliokuja baadaye, ambao Richard Hindorf aliuleta bara mwaka 1893 kutoka Florida, ikasalimika miche 62 tu iliyootesheka karibu na Pangani na kuzaa mashamba yote yale ya Tanga, nao ni wa tabia hiyo hiyo ya ugumu na ukaidi. Kitani hukatika baada ya kurefuka kwa kiasi cha asilimia 2 au 3 tu ya urefu wake; kano na hariri hurefuka zaidi, lakini hurudi upesi, na kurudi upesi ni fadhila kubwa katika kazi hii.

Mtu angeweza kudhani kwamba, maadamu kurefuka ni aibu, uzi usiorefuka hata chembe ndio ulio bora. Lakini hapa hekima ya kazi inatuonya. Viwanda vya zama zetu vimetoa nyuzi za plastiki zenye nguvu kupita chuma cha uzito ule ule, zisizorefuka ila kidogo sana, na walengaji walipozifunga katika mata ya zamani, mishale ilikwenda kwa kasi ya ajabu na ncha za mata zikaanza kupasuka. Uzi wa zamani ulikuwa ukimeza kishindo kidogo mwishoni mwa safari yake. Uzi mpya haukumeza kitu, ukakirejesha chote katika mti ambao haukuundwa kwa pigo la namna hiyo. Ndiyo sababu wenye mata ya kale hushauriwa hata leo kutumia uzi laini zaidi, kama ule wa Dacron, na kukubali kupoteza kasi kidogo ili uta uishi. Ukali wa upote, basi, una mpaka wake, na mpaka huo umewekwa na mti ulio nyuma yake.

Sasa na tugeuke upande wa mashariki wa kisiwa, Chwaka, Uroa, Bwejuu na Jambiani, tukaitazame kamba ambayo tabia yake ni kinyume cha yote niliyoyataja. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mashimo ya ufukoni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, yakafunikwa kwa mawe na mchanga, yakaachwa miezi kadhaa mpaka ile nyama inayounganisha nyuzi ioze na nyuzi zenyewe zisalie. Wanawake ndio wenye elimu hii. Bi mkubwa aliyeikulia kazi hufukua kumbi moja, akalisugua kwa vidole viwili, akajua: likimeguka vipande, bado halijawa, nyuzi zikiachana kwa utii, wakati umefika. Kisha huyaponda kwa mchi au gongo juu ya jiwe, akayakosha kwa maji ya bahari, akayaanika hata yawe usumba wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na ndipo aketipo kivulini kusokota, mkono wa kulia ukivingirisha nyuzi pajani au kiganjani, na wa kushoto ukilisha usumba mpya pale uzi unapotaka kwisha, pasipo kuonekana mahali pa kuungia.

Ukiipima kamba hii kwa mizani ya fundi wa mata, utaitupa. Nguvu yake haifiki theluthi ya nguvu ya mkonge wa unene ule ule, na uzi wake huweza kurefuka kwa asilimia 15, hata 30 na zaidi, kabla ya kukatika. Uta uliofungwa kwa uzi huo ungepoteza nguvu zake katika kuuvuta uzi wenyewe, na mshale ungeanguka miguuni. Na sifa hiyo hiyo ya kurefuka ndiyo iliyoifanya kuwa mtawala wa Bahari ya Hindi kwa muda wa karne ishirini. Wimbi linapokipiga chombo kilichofunga nanga, kamba isiyokubali kurefuka hulipokea pigo lote kwa mara moja, ikakatika au ikang'oa kigingi. Kamba ya makumbi hujinyosha, ikalichosha wimbi, kisha ikarudi. Maji ya chumvi yanayoozesha pamba hayaiharibu haraka, kwa kuwa uzi wake una kiasi kikubwa cha ile mada ngumu iupayo mti ugumu wake. Nayo huelea, basi baharia akiiangusha huiokota.

Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza kinataja vyombo vilivyoshonwa katika bandari ya Rhapta na katika kisiwa cha Menuthias, ambacho baadhi ya wanahistoria hukidhania kuwa ni Unguja yetu au Pemba. Mrithi wa mwisho wa vyombo hivyo katika pwani yetu alikuwa mtepe, chombo kisichokuwa na msumari wa chuma, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtepe wa mfano uliopewa jina la Shungwaya uliundwa mwaka 2003 katika Beit al-Ajaib, na kwa miaka mingi kabla ya sehemu ya jumba hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mtu aliweza kusimama mbele yake Forodhani na kuona kwa macho yake mishono ilivyopita ubao kwa ubao. Msafiri Tim Severin naye, alipotoka Muscat kwenda Canton mwaka 1980 katika chombo kilichoshonwa kwa mtindo wa Waarabu wa kale, alihitaji kamba za nazi ambazo urefu wake wote ulikadiriwa kufika maili 400. Chombo kilichoshonwa hupinda kidogo kinapokwaruza mwamba au kinapokaa juu ya mchanga, na kupinda huko ndiko kunakokiokoa. Mshono wa uzi wa upote ungelikata ubao kabla ya wimbi la pili.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Kila mshono wa mtepe ulihitaji tundu, na tundu la ubao hutobolewa kwa keke. Kwa hivyo katika kiunzi kimoja, siku moja, chini ya kivuli kimoja, nyuzi mbili zilifanya kazi zenye tabia za kugombana: upote wa keke, uliosifiwa kwa kutokubali kurefuka, ulitangulia na kufungua njia, na kamba ya makumbi, iliyosifiwa kwa kukubali, ilifuata ikapita katika tundu lile lile na kuushika ubao kwa miaka. Fundi aliyekuwa amekaa baina yao hakuuliza ni ipi yenye nguvu zaidi. Aliuliza nguvu ikija itakwenda wapi. Kwenye keke alitaka nguvu ipite yote na ifike kamili kwenye ncha. Kwenye mshono alitaka nguvu ya bahari iingie katika kamba na ifie humo. Swali hili moja ndilo mizani ya uzi, na mwenye kulijua hahitaji kuambiwa majina ya nyuzi zote za dunia, maana kila uzi akipewa ataupima na kuujua.

Hukumu ya uzi haimalizwi kwa kuchagua nyuzi peke yake, kwani usumba ule ule, ukisokotwa na mikono miwili tafauti, hutoa kamba mbili zisizofanana. Uzi wa mmea ni mfupi, na kinachofanya nyuzi fupi ziwe kamba ndefu ni msuguano tu: zikisokotwa hubanana, na kadiri zinavyovutwa huzidi kubanana. Ukisokota kidogo mno, nyuzi huteleza na kuachana. Ukisokota kupita kiasi, nyuzi hulala mshazari dhidi ya mvuto, na kamba huwa nene, yenye kurefuka, na dhaifu. Msokotaji wa upote, kwa hivyo, huzichukua nyuzi nyembamba zilizonyooka, akazipaka nta ya nyuki zisiingiwe na maji wala zisipukutike, akazisokota kwa uchache tu unaotosha kuzishikanisha. Mwishoni, panapotiwa kitanzi cha kuingia katika ncha ya uta, huongeza nyuzi kwa sababu hapo ndipo panapolika, na katikati, mshale unapokaa, huzungushia uzi mwingine wa kinga. Msokotaji wa kamba ya makumbi huruhusu msokoto mwingi zaidi, akausokota kila uzi upande wa kulia, kisha akazipota nyuzi mbili au tatu pamoja kuelekea kushoto, ili tamaa ya kila mmoja ya kujifungua izuiwe na tamaa ya mwenziwe, na kamba ikatulia. Elimu hii yote imo katika ncha za vidole. Mtu aliyekwisha kuizoea hujua kwa kugusa kwamba uzi umejaa msokoto, na angeulizwa ni kiasi gani angelitoa uzi mwingine akakuonyesha.

Wapiga taarabu wa Mji Mkongwe nao wanaijua mizani hii kwa njia ya sikio. Tangu kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, ala iitwayo kanuni imekuwa na heshima yake katika muziki huo, nayo ina nyuzi zinazozidi 70. Zamani kanuni ilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama, zenye sauti laini, lakini zenye kuathirika na unyevu, hata masika yakiingia mpigaji hushughulika na kuzikaza na kuzilegeza kuliko kupiga. Leo aghalabu ni za nailoni, ambazo zimepunguza dhiki hiyo. Na uta wa fidla, uliofungwa singa za farasi, hauna kazi ya kutupa kitu: kazi yake ni kushika na kuachia, kushika na kuachia, kama upote wa keke unavyoushika msukano, ndiyo sababu mpigaji huzipaka singa zake ulimbo. Hata katika starehe, basi, swali ni lile lile la nguvu na mahali pa kwenda.

Ninayasema haya kwa kuwa zama zetu zimeleta uzi mmoja unaodai kuwa ni wa kila kazi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wanawake wengi waliokuwa wakifukia makumbi wameingia baharini kupanda mwani, ambao hufungwa kwa vikamba vidogo vya plastiki viitwavyo taitai katika kamba za plastiki zilizotandazwa baina ya vigingi. Sina haki ya kuwalaumu. Makumbi hungojewa miezi, husokotwa kwa jasho, na kamba yake huuzwa kwa bei isiyolingana na jasho hilo; kamba ya dukani iko tayari, nyepesi na rahisi, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba kamba ya mbali haifungi kuni. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na maana ya neno hilo ni kuwa upya si sifa inayotosha, bali hupimwa kwa kazi. Kamba ya plastiki iliyokatika huendelea kuwako baharini ikameguka vipande vidogo visivyooza, ilhali ya makumbi, baada ya kumaliza utumishi wake, huirudia ardhi iliyotoka. Mwenye kuchagua hana budi kuliingiza na hili katika hesabu yake: uzi huu utakuwa nini baada ya kazi kwisha?

Jambo linalonisikitisha ni kupotea kwa mwenye kuchagua, si kuja kwa nailoni. Kijana anayejifunza useremala leo hupewa kamba iliyokwisha kuviringwa na kupimwa kwa mita, akaifunga popote. Ikimtosha hushukuru, isipomtosha hununua nene zaidi, na unene huwa ndilo jawabu lake la kila swali. Hakuwahi kuuona uzi ukizaliwa, basi hana la kuuliza juu yake. Ningependa kuona katika kila karakana ya Unguja, na katika kila darasa la kazi za mikono, kijana akipewa usumba kidogo, nyuzi za mkonge, uzi wa pamba, kipande cha ngozi na kipande cha nailoni, akaambiwa avisokote kwa mkono wake, avitundikie mawe, avilowanishe, avipitishe katika msukano wa keke, na aandike kipi kilirefuka, kipi kilirudi, kipi kiliteleza na kipi kilikatika, na kilikatikia wapi. Ningependa pia wale akina bibi wa Uroa na Bwejuu waitwe kufundisha, walipwe ijara ya walimu na wapewe heshima ya walimu, kwa kuwa hakika ndivyo walivyo. Gharama ya somo hilo ni ndogo, na faida yake haiishii katika kamba. Maana aliyejifunza kuuliza nguvu ikija itakwenda wapi, atalichukua swali hilo katika kuezeka paa, katika kufunga mzigo, katika kuunda chombo, na hata katika kuamua ni wapi katika maisha yake panapomtaka awe mkali kama upote na wapi panapomtaka avumilie kama kamba ya makumbi.